Kapsuli ya 5-HTP haihitaji kuharakishwa

Ndugu Mhariri,

Kapsuli za 5-HTP zimefika Mbeya. Wapo wanaoziagiza kwa simu zikashushwa na mabasi ya kutoka Dar es Salaam, na wapo wanaozikuta kwenye maduka ya virutubisho, zimepangwa jirani na vitamini na mafuta ya samaki. Zinasifiwa kwa kuleta usingizi na kutuliza mawazo. Pamoja nazo umekuja ushauri unaotembea kwa kasi kuliko kapsuli zenyewe: ili mwili uifyonze sawasawa, imeze tumbo likiwa tupu, ikigoma, ifungue umwage unga kwenye chai ya moto, ongeza pilipili manga, ukiona bado kimya, meza mbili. Sisi ni wafamasia wa huku Nyanda za Juu Kusini, na tunaomba nafasi tuseme kwamba ushauri huo unatibu tatizo ambalo halipo. 5-HTP hufyonzwa. Kinachoharibika ni mahali inapogeukia kuwa serotonini, na kasi inayokuja nayo.

Tuanze na kitu chenyewe, maana hata wauzaji wengine hawakijui. Herufi hizo ni kifupi cha haidroksitriptofani. Mwili huitengeneza wenyewe kutokana na triptofani, amino asidi iliyomo kwenye vyakula vya protini, kisha huigeuza kuwa serotonini. Ile ya kwenye kapsuli hutolewa kwenye mbegu za mmea wa Afrika Magharibi uitwao Griffonia simplicifolia. Kwa hiyo si serotonini, ni malighafi yake, ikiwa imebakiza hatua moja tu. Na sababu ya kumeza malighafi badala ya serotonini yenyewe ni moja: serotonini haivuki ukuta unaotenganisha damu na ubongo, 5-HTP inavuka. Jambo la pili la kukumbuka hadi mwisho wa barua hii ni kwamba serotonini nyingi ya mwili, zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi, haiko kichwani. Iko utumboni.

Sasa tuifuate kapsuli moja ya kawaida, ya miligramu 100, iliyomezwa saa 2 usiku na mtu aliyekula mara ya mwisho mchana. Tumbo tupu halina sababu ya kuishikilia. Jelatini inalainika ndani ya dakika chache, unga unamwagika kwa mkupuo, na maji yaliyoshushia yanausukuma hadi utumbo mwembamba. Hapo, kwenye kuta za utumbo, kuna kimeng'enya kinachokata kipande kimoja cha 5-HTP na kuiacha ikiwa serotonini. Kimeng'enya hicho hicho kiko kwenye ini, kiko kwenye figo, na kiko kwenye ubongo, ambako ndiko mmezaji alikotaka kifanye kazi. Lakini utumbo ndio unaopokea mzigo kwanza, nao hausubiri. Sehemu ya dozi inageuzwa papo hapo. Serotonini iliyozaliwa huko haina njia ya kwenda kichwani. Inabaki huko huko, ikikaza na kulegeza misuli ya utumbo na kuamsha mishipa ya fahamu inayopeleka ubongoni habari za kutapika. Kichefuchefu, tumbo kunyonga na kuhara ambavyo watu hudhani ni dalili kwamba dawa imekataa kuingia, ni dalili kwamba imeingia nyingi mno kwa wakati mmoja.

Iliyonusurika huingia kwenye damu, hufika kilele baada ya saa 1 hadi 2, kisha hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi, kwa wengine zaidi. Mtu wetu wa saa 2 usiku anafika kileleni kama saa 3 na nusu. Saa 5 na nusu imebaki nusu, saa 7 na nusu robo, na saa 9 na nusu, wakati baridi ya Julai inapouma kweli kweli na mtu anaamka kutazama dari, imebaki kama sehemu moja ya nane. Hapo ndipo husemwa kwamba dawa haifyonzwi. Imeshafyonzwa, imeshapanda, imeshashuka.

Ukiielewa safari hiyo, ushauri ule unaanguka mmoja mmoja. Kumeza kapsuli isiyo na ganda maalumu tumbo likiwa tupu kunapandisha kilele na kuleta kichefuchefu, hakuongezi muda dawa inaokaa mwilini. Kuifungua na kuimwaga kwenye chai ni kuharakisha kilichokwisha kuwa haraka. Kumeza mbili ni kuupa utumbo malighafi mara mbili. Kimeng'enya cha utumboni hakichoki upesi kiasi cha kuiachia dozi ya pili ipite yote.

Pilipili manga inastahili maneno zaidi, kwa sababu baadhi ya kapsuli huuzwa zikiwa tayari zimetiwa dondoo lake. Kemikali yake ya ukali, piperini, huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini na utumbo vinavyovunja dawa. Kimeng'enya kinachogeuza 5-HTP si cha kundi hilo. Lakini vinavyovunja dawa nyingine ni vya kundi hilo, na piperini imeonekana kwa watu kupandisha kiwango cha fenitoini ya kifafa, propranololi ya moyo na theofilini ya pumu. Punje chache za kwenye pilau hazina neno. Tunazungumzia dondoo la kila siku lililokolezwa. Mgonjwa wa kifafa anayemeza fenitoini, dawa ambayo kiwango chake kikizidi kidogo tu mtu huanza kuyumba kama mlevi, anaweza kupata madhara ya fenitoini kutokana na kapsuli aliyoinunua kwa ajili ya usingizi.

Kitu gani basi kinasaidia? Kupunguza mwendo. Kwenye panya wa maabara, 5-HTP iliyoingizwa polepole mfululizo imeinua serotonini ya ubongo bila madhara yanayoletwa na dozi ileile ikitolewa kwa mkupuo, na ndiyo sababu watafiti wanahangaika na vidonge vinavyoachia dawa taratibu. Kwa mwenye kapsuli za kawaida mkononi, njia ya karibu zaidi ya kuuiga mwendo huo ni kuigawa dozi. Dozi zinazotajwa mara nyingi kwa mtu mzima ni miligramu 50 hadi 100, mara moja hadi tatu kwa siku. Anayeanza, na ambaye daktari au mfamasia ameshahakikisha hana dawa nyingine inayogombana nayo, aanze na 50 mara moja jioni, akae nayo siku kadhaa, ndipo aongeze. Kichefuchefu cha siku za mwanzo mara nyingi hupungua chenyewe. Kikizidi, rudi nyuma. Usikifuate na kidonge kingine cha kuzuia kutapika ulichojichagulia mwenyewe.

Chakula kinategemea aina ya kapsuli, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Ziko za kawaida, zinazofunguka tumboni, na ziko zenye ganda linalostahimili asidi, zilizotengenezwa zisifunguke mpaka zifike utumbo mwembamba. Ukitaka kuona tofauti kwa macho, toa moja sadaka. Chukua nusu glasi ya maji yenye uvuguvugu wa mwili, tia vijiko viwili vya siki, tumbukiza kapsuli, koroga mara moja moja. Ya kawaida italainika na kuanza kuachia unga baada ya dakika kumi, ishirini. Yenye ganda itabaki nzima hata baada ya saa nzima, pengine ikiwa na utelezi tu kwa nje. Sasa itoe uitie kwenye kikombe cha chai ya maziwa iliyopoa kidogo. Ganda lililoishinda siki linaanza kuachia, kwa sababu limetengenezwa liyeyuke pale ukali wa asidi unapopungua, na maziwa yana asidi kidogo sana.

Jaribio hilo la mezani linaeleza kosa linalofanyika kila asubuhi huku kwetu, ambako siku haianzi bila chai ya maziwa. Mtu amelipia kapsuli yenye ganda, ghali zaidi, kisha anaishushia na kikombe kikubwa cha maziwa. Asidi ya tumbo inapoa kwa muda, ganda linafunguka kabla ya wakati, na anabaki na kapsuli ya kawaida kwa bei ya ile nyingine. Dawa za kiungulia hufanya vivyo hivyo. Vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu au alumini huishusha asidi kwa saa moja, mbili. Omeprazoli huishusha kwa siku nzima, na anayeimeza kila siku hana faida ya kununua kapsuli ya ganda. Na kuitafuna, kuisaga au kuifungua kapsuli ya namna hiyo, hilo halihitaji maelezo.

Kapsuli yenye ganda imezwe kwa maji matupu, saa moja kabla ya mlo au muda mrefu baada yake. Hapo tu ndipo ushauri wa tumbo tupu una ukweli. Sababu ni kwamba kapsuli nzima isiyoyeyuka husubiri tumboni mpaka chakula kizito kimalizike kupita. Sahani ya ugali na kitimoto saa 1 usiku, kapsuli juu yake saa 2, na dawa inaweza kuanza kazi saa 6 au 7 usiku, pengine baadaye. Kesho yake mtu anaamka mzito, na usiku aliulalamikia.

Ile ya kawaida ndiyo inayotaka kitu kidogo cha kuishikilia: kipande cha kiazi kitamu, mkate, nusu bakuli la uji, ndizi mbivu. Kidogo, tena cha wanga kuliko cha nyama. Kuhusu nyama tuseme hivi: levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson ambayo ni ndugu wa karibu wa 5-HTP na hugeuzwa na kimeng'enya kilekile, hugombania na amino asidi za mlo wenye protini nyingi njia ya kutoka utumboni na njia ya kuingia ubongoni. 5-HTP nayo hutumia mlango wa namna hiyo kuingia ubongoni. Kuitenga na mlo wa nyama kwa saa moja au mbili ni tahadhari isiyogharimu kitu.

Kabla ya kuhukumu kwamba mwili haufyonzi, soma lebo vizuri. Mbele ya chupa pameandikwa miligramu 200, lakini ukiigeuza nyuma unakuta hizo 200 ni za dondoo la mbegu, na 5-HTP yenyewe ni asilimia 25. Hapo una miligramu 50. Jirani yake kuna chupa ya 100 ambayo ni 5-HTP karibu tupu. Mtu akihama kutoka ya kwanza kwenda ya pili akidhani amepunguza nusu, ameongeza mara mbili, na usiku huo huo atatapika.

Wako waliosoma zaidi na wanauliza kuhusu karbidopa. Swali lao ni la akili. Karbidopa huzuia kile kimeng'enya kila mahali isipokuwa ubongoni, kwa kuwa yenyewe haivuki ukuta wa ubongo. Ikimezwa pamoja na 5-HTP, utumbo na ini vinaacha kuigeuza, na nyingi zaidi inafika inakotakiwa. Vipimo vilivyofanywa kwa watu waliopewa zote mbili vimeonyesha kati ya nusu na asilimia 70 ya dozi ikifika kwenye damu. Hiyo ndiyo njia ya kweli ya kuongeza 5-HTP inayofika kichwani, na ndiyo hasa tunayosema usiijaribu mwenyewe. Kwanza, vidonge vya karbidopa vinavyopatikana kwenye maduka yetu ya dawa vimechanganywa na levodopa kwa ajili ya Parkinson. Anayevitafuta kwa ajili ya karbidopa anameza dawa ya pili asiyoihitaji, inayoweza kumletea mauzauza na kumshusha presha anaposimama. Pili, ili kimeng'enya kizuiwe ipasavyo hutakiwa karbidopa ya miligramu 70 hadi 100 kwa siku. Kipande cha kidonge hakitoshi. Tatu, mchanganyiko huo ukiziba mlango wa utumbo unafungua wa ubongo, na madhara yanahamia huko. Mwaka 1980 ilichapishwa taarifa ya mgonjwa aliyekuwa akitumia zote mbili akapata ugonjwa wa ngozi kukakamaa. Hilo ni jambo la daktari bingwa na vipimo vya damu.

Vitamini B6 imezungukwa na nusu ya ukweli. Kimeng'enya chetu hakifanyi kazi bila hiyo, kwa hiyo wengi huongeza B6 wakiamini wanaisaidia 5-HTP. Lakini kimeng'enya cha utumboni nacho hutumia B6 ileile. Kwa levodopa isiyo na karbidopa jambo hili linajulikana vizuri: B6 ya miligramu 10 na kuendelea hupunguza nguvu ya dawa, maana inageuzwa mapema nje ya ubongo. Ni busara kudhani 5-HTP inafuata njia hiyo hiyo, na mtu anayekula maharage, viazi, ndizi na samaki hana upungufu wa kufidia kwa kidonge. Ila neno hili lisisomwe vibaya. Kwenye mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya, yenye maambukizi makubwa ya VVU kuliko mingine nchini, watu wengi wanapewa isoniazidi ya kukinga kifua kikuu, na pamoja nayo piridoksini, ambayo ndiyo vitamini B6. Isoniazidi huiondoa B6 mwilini, na bila hicho kidonge cha ziada miguu huanza kuwaka moto na kufa ganzi. Piridoksini hiyo isiachwe hata siku moja kwa ajili ya kapsuli ya usingizi. Kama kuna cha kuachwa, ni kapsuli.

Kuna mchanganyiko mwingine unaotutia wasiwasi zaidi, nao hauhusu 5-HTP yenyewe. Kapsuli nyingi za usingizi huichanganya na magnesiamu au zinki. Madini hayo hushikana na dolutegraviri, dawa iliyomo kwenye kidonge kimoja cha kila siku cha kufubaza VVU, na kuizuia isifyonzwe. Hapo ndipo penye tatizo la kweli la ufyonzwaji, na halina kichefuchefu wala dalili yoyote ya kumwonya mtu. Virusi vinapanda kimya kimya. Dolutegraviri imezwe saa 2 kabla ya kitu chenye magnesiamu au saa 6 baada yake. Na kwa kuwa dawa hiyo kwa baadhi ya watu ndiyo inayowaibia usingizi, anayeimeza usiku aulize kwanza kituoni kwake kama anaweza kuihamishia asubuhi. Wengine hulala vizuri kwa badiliko hilo tu, bila kununua kitu.

Sasa yale ya hatari. Majina tumeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi utayakuta na herufi za Kizungu zinazokaribiana. Anayetumia fluoksetini au dawa nyingine ya sonona, amitriptilini ikiwamo, asiguse 5-HTP bila daktari aliyemwandikia dawa hiyo kujua. Fluoksetini hubaki mwilini muda mrefu, kiasi cha wiki 5 baada ya kidonge cha mwisho, kwa hiyo kuiacha Ijumaa na kuanza 5-HTP Jumatatu ni sawa na kumeza zote mbili. Tramadoli ya maumivu nayo imo kwenye orodha hiyo. Dekstromethofani, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za maji za kikohozi, imo. Linezolidi, ambayo sasa hutumika kutibu kifua kikuu sugu, imo tena kwa uzito, kwa sababu huzuia kimeng'enya kinachoivunja serotonini baada ya kutumika. Anayesubiri upasuaji amwambie mtoa usingizi mapema, na kwa kawaida hushauriwa kuiacha wiki 2 kabla. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wasipewe.

Serotonini ikizidi kichwani na mwilini, dalili huja ndani ya saa chache, mara nyingi muda mfupi baada ya kuongeza dozi au dawa ya pili: kuhangaika, jasho, moyo kwenda mbio, kuhara, mboni za macho kupanuka, kutetemeka, na hasa miguu kurukaruka yenyewe ukikunja unyayo kwenda juu. Homa ikishapanda na misuli ikikaza, hiyo ni dharura. Beba chupa ya kapsuli na boksi za dawa zote hadi hospitali. Huku kwetu homa na kutetemeka huitwa malaria kabla ya kipimo, na mgonjwa hupotezewa saa anazozihitaji.

Kwa jambo la chakula tutapita haraka. Mahindi ni maskini wa triptofani, na ugali wa sembe pekee hautoshi kuujazia mwili. Maharage yanaongeza kinachokosekana, na bahati nzuri kituo cha utafiti cha Uyole kimetoa aina zake kadhaa zinazostawi kwenye udongo wetu. Ila asiwepo wa kuahidiwa kwamba sahani ya makande itafanya kazi ya dawa ya sonona. Mwenye huzuni isiyoondoka wiki mbili, asiyelala, asiyeona maana ya kesho, aende kituo cha afya. Dawa zilizothibitishwa zipo, na hazitoki kwenye rafu ya virutubisho.

Tena, kirutubisho hakipimwi kwa ukali unaopimiwa dawa. Mwaka 1989 nchini Marekani, triptofani iliyouzwa kama kirutubisho ililetea zaidi ya watu 1,500 ugonjwa wa maumivu makali ya misuli na kupanda kwa chembe fulani za damu, na zaidi ya 30 walifariki. Lawama kubwa iliangukia uchafu uliobaki kwenye utengenezaji wa mzalishaji mmoja. 5-HTP haijawahi kuleta janga la ukubwa huo, lakini chupa isiyo na namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi wala jina la mtengenezaji, au iliyokwisha kufunguliwa na kapsuli kuhesabiwa kwenye bahasha, hatuoni sababu ya mtu kuimeza. Madhara yakitokea, mfamasia au kituo cha afya wana njia ya kuyaripoti TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na ripoti ya mtu mmoja ina faida.

Utunzaji nao una jiografia yake. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, chupa inakaa kabatini bila shida. Iteremshe Kyela, kwenye joto na unyevu wa ziwani, na jelatini inalainika, kapsuli zinashikana, ganda linapasuka kabla halijamfikia mtu. Kapsuli zilizoganda pamoja zisitenganishwe kwa kisu na kumezwa. Zile ndizo zitakazofunguka ovyo. Kifuniko kikazwe, kile kifuko kidogo cha kufyonza unyevu kibaki ndani, na chupa isiwekwe dirishani wala juu ya friji.

La mwisho ni la maabara. Kuna kipimo cha mkojo wa saa 24 kinachotafuta mabaki ya serotonini, ambacho daktari huagiza akishuku aina fulani ya uvimbe wa utumbo. 5-HTP hukipandisha. Ndizi, parachichi, nanasi na nyanya nazo hukipandisha, kwa kuwa zina serotonini yake yenyewe, ile isiyofika ubongoni. Mtu wa Tukuyu anayekula ndizi asubuhi na parachichi mchana, na kapsuli juu yake usiku, anaweza kutoka na jibu la kutisha asilostahili. Avitaje vyote kabla hajapewa chombo, na aviache kwa siku 3 kabla na siku yenyewe ya kukusanya, isipokuwa daktari ameelekeza vinginevyo.

Wafamasia wawili,
Mbeya